Mdai wa Kwanza: Historia ya Mama Magamba, Mpara Samaki wa Gatini

Ndugu, jamaa, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, familia inawasalimu, na imempa kazi ya kusoma historia hii shemeji yake marehemu, yaani mume wa mdogo wake, si kwa kuwa ana sauti nzuri kuliko wengine, ila kwa kuwa wa damu yake wamejaribu tangu juzi na wameshindwa kufika mstari wa pili bila kulia, na kwa kuwa marehemu mwenyewe alizoea kusema kwamba shemeji huyu ana uso mkavu kama gogo, basi leo uso huo umepata kazi.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Magamba, alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha kamba, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto sita, baba yao akiwa mlinzi wa ghala na mama yao akiwa dobi aliyefua mashuka ya nyumba za wageni na nguo za watu wenye haraka. Mama huyo, wanasema waliomfahamu, hakuwa na maneno mengi, lakini alikuwa na sheria moja ambayo wanawe wote sita waliinywa pamoja na maziwa, kwamba mgeni akibisha hodi asikute uchafu, na akishaingia asijue kwamba ulikuwepo, kwa sababu kumwambia mgeni nimefagia kwa ajili yako ni kumsimanga kabla hajakaa. Msomaji wa historia hii aliposa katika nyumba hiyo alikuta uani kumekauka, kumenyooka, hakuna hata jani, na ilimchukua miaka kujua kwamba asubuhi ya siku ile bomba la mtaa mzima lilikuwa limepasuka na wasichana wale walikuwa wamechota tope kwa mikono.

Kuhusu elimu, marehemu alianza darasa la kwanza Januari 1966, katika shule iliyo kando ya reli, ambako treni ilipopita mwalimu alinyamaza na wanafunzi wakapumzika, na alimaliza darasa la saba Novemba 1972 akiwa na alama nzuri za kuendelea. Hakuendelea, kwa sababu mwaka huohuo mama yake aliumia mgongo kwa kuinua beseni la mashuka, na mtoto wa kwanza, kama mnavyojua, ni mzazi wa pili. Hakulalamika, au kama alilalamika basi alilalamikia beseni, ila wadogo zake wote watano walisoma mpaka walipotaka wenyewe kuacha, na mmoja wao, ambaye ni mke wa msomaji, hataki hadi leo kusikia mtu akisema dada yake hakusoma.

Alianza kazi gatini Jumatatu, tarehe 3 Februari 1975, kwanza kama mchota maji, kisha kama mpara samaki, na baada ya miaka michache akapata meza yake mwenyewe, ile ya saruji iliyo karibu na ngazi za kushukia majini, ambako boti zikifunga yeye ndiye wa kwanza kuziona na samaki wa kwanza humfikia yeye. Alipara kwa mkono wa kushoto, samaki kichwa kikiwa kimemwelekea, magamba yakiruka yakimnasa kwenye nyusi, shingoni na hadi ndani ya viatu, na jina lake lilitoka hapo, maana mtoto wake alipokuwa mdogo alimtolea gamba sikioni mbele ya watu, watu wakacheka, jina likabaki. Mteja aliyetaka kuongea aliongeleshwa, mteja aliyetaka kupunja alipunjwa yeye, na jioni, kabla hajavua aproni, aliisugua meza yake kwa jivu na maji ya moto mpaka mtu angeweza kulaza mtoto juu yake. Wenzake walimtania kwamba akifa ataomba kaburi lipigwe deki, na yeye alijibu kwamba hilo si ombi, hilo ni lazima.

Kisu chake cha kwanza cha kazi kilitengenezwa kwa kipande cha msumeno wa chuma na fundi wa mashine za boti, kijana mrefu aliyekuwa na karakana upande wa pili wa gati, na kisu kilipopungua makali akakirudisha, na kikanolewa, na kikarudishwa tena kabla hakijapungua makali, mpaka wazee wa pande zote mbili wakaona kisu hiki kina jambo. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 22 Desemba 1979, na wakaishi pamoja miaka karibu arobaini na minne katika nyumba ileile ya bati jekundu juu ya mteremko, ambayo wengi wenu mmelala ndani yake wiki hii. Mume wake, ambaye yupo nasi hapa mbele, masikio yake yaliharibiwa na mashine alizozitengeneza, na marehemu alizoea kusema kwamba ndoa yao imedumu kwa sababu hiyo, kwamba nusu ya maneno yake hayakufika yalikokuwa yanakwenda.

Mungu aliwajalia watoto watatu, binti mkubwa aliyezaliwa mwaka 1981, ambaye ni fundi cherehani, kijana wa kati aliyezaliwa mwaka 1984, ambaye ni dereva wa lori, na kitinda mimba wa mwaka 1990, ambaye amerithi meza ya mama yake na mkono wa kushoto, na kwa sasa kuna wajukuu watano, wote wakiwa wamefundishwa kupara samaki, hata yule anayesema samaki wananuka.

Sasa tunafika sehemu ambayo familia ilijadiliana kama isomwe hapa au isisomwe, na mume wake, aliposikia tunabishana, maana safari hii alisikia, akasema isomwe yote.

Jumanne, tarehe 9 Agosti 2011, bomba la kisima cha mafuta kilichoko baharini, ambacho kutoka gatini huonekana mnara wake mdogo tu siku ya jua kali, lilipasuka, na mafuta ghafi yakamwagika kwa majuma mengi, yakaja na maji, mazito, meusi, yakapanda ngazi za gati, yakaingia sokoni kupitia mitaro, yakakaa. Uvuvi ulipigwa marufuku, soko likafungwa kwa mnyororo, na hata samaki waliotoka mbali, wasiojua habari ya mafuta yale, watu waliwanusa mara mbili na kuwaacha. Wenye boti walikuwa na leseni na chama chao, wakaitwa na kampuni, wakakaa mezani, wakafidiwa, na hatuwalaumu, haki yao. Lakini wapara samaki, washona nyavu, wauza barafu na wabeba matenga hawakuwa na leseni, hawakuwa na boti, hawakuwa na cha kuonyesha ila mikono, na marehemu alipokwenda na wenzake kwenye ofisi za kampuni, zenye viti vya ngozi na baridi ya kukufanya ujute kutovaa sweta, afisa mmoja mpole alimuuliza, "Mama, kwani wewe umepoteza nini? Bahari si yako." Akamjibu, "Hata ofisi hii si yako, mwanangu, lakini wakiifunga kesho utakula wapi?" Yule afisa alicheka, akawapa maji ya chupa, wakarudi nyumbani na maji ya chupa.

Hivyo ndivyo kesi ilivyozaliwa, Novemba ya mwaka huo, na kwa kuwa sheria inataka kesi ya watu wengi iwe na mtu mmoja wa mbele, aitwaye mdai wa kwanza, wenzake wakamchagua yeye, kwa sauti moja, kwa sababu walimheshimu na, tuseme ukweli, kwa sababu walimwogopa kidogo. Alichokitaka hakikuwa kigumu kukielewa, alitaka mahakama iseme kwamba mtu anaweza kuharibiwa bahari bila kuwa na boti, basi, na fidia ifuate hapo, kwake yeye na kwa kila mwanamke aliyesimama kwenye meza ya saruji.

Wakili wao wa kwanza, mzee mmoja mwenye huruma na kesi nyingi, aliwapa habari njema mwezi Juni 2012, kwamba jaji ameridhia kuja yeye mwenyewe gatini kuona hali ilivyo, Ijumaa tarehe 8. Na hapa, ndugu zangu, ndipo marehemu alipokosea kosa ambalo ni yeye tu, binti wa dobi yule, angeweza kulikosea kwa nia safi kiasi kile. Soko lilikuwa limefungwa miezi kumi, sakafu imevaa mafuta kama lami, meza zimeganda, ngazi hazikanyagiki, mitaro imejaa uji mweusi, na marehemu alipofikiria jaji akiingia mle, na viatu vyake, na heshima yake, mwili ulimsisimka kwa aibu. Alhamisi alfajiri aliomba ufunguo wa ule mnyororo kwa mlinzi, akawakusanya wenzake wote, wakaingia na sabuni, jivu, mchanga, misasa, brashi za waya na visu vyao vya kazi, wakalainisha ile lami kwa mafuta ya taa, wakakwangua, wakasugua, wakamwaga, wakasugua tena, ngozi za vidole zikiwatoka, mpaka jua linakuchwa saruji ikaonekana nyeupe. Mshona nyavu mmoja, rafiki yake wa tangu ujana, ambaye tunamwita Mama Sindano, alisita na brashi mkononi akauliza, "Dada, kwani tusimwache aone hivihivi?" Marehemu akamtazama kana kwamba amependekeza wampokee jaji uchi. "Kwako mgeni akija unampokelea kwenye masizi?" Mama Sindano akainama, akaendelea kusugua.

Jaji alikuja, mtu mtaratibu, mwenye kofia, akapewa kiti, na meza ikawekewa kitambaa, wakili wao mzee akiwa bado amezuiwa na kesi nyingine mjini. Wakili wa kampuni alitazama kushoto, akatazama kulia, akaanza kutabasamu. Jaji akauliza kama hapa ndipo palipoharibika, marehemu akasema ndipo, mheshimiwa, karibu. Jaji akauliza mbona pako safi hivi, ni kawaida yao, na marehemu, akiwa na vidole vilivyofungwa vitambaa nyuma ya mgongo wake, akasema ndiyo, mheshimiwa, ni kawaida yetu. Hakuna mwanamke hata mmoja aliyefungua mdomo, maana mkubwa wao ameshasema, na mgeni haambiwi. Jaji akausifu usafi wao, akaondoka, na wiki nzima marehemu alikuwa na furaha, akamwambia mdogo wake mara nyingi, na msomaji alisikia kutoka chumba cha pili, kwamba jaji mwenyewe, kwa kinywa chake, amewasifu.

Hukumu ilisomwa Alhamisi, tarehe 21 Machi 2013, na marehemu alikaa benchi la mbele, amevaa gauni la harusi ya binti yake. Alisikia mahakama ikisema imefika yenyewe mahali panapolalamikiwa, imepakuta pako safi, na mdai wa kwanza amekiri mbele ya jaji kwamba ndiyo kawaida ya mahali pale, hivyo mahakama haioni madhara. Ni maneno yake mwenyewe yaliyosomwa, na hapo ndipo alipoelewa alichokifanya, hakuelewa kabla ya hapo, na hatumwonei haya kusema hivyo. Madai yote yakatupwa, ya kwake na ya kila mmoja wao. Nje, kwenye ukumbi mrefu wa mahakama, Mama Sindano alimpita karibu, akasema bila kusimama, "Mficha uchi hazai," kisha hakumsemesha tena kwa miaka.

Wengine hawakusema lolote, na hilo lilimuuma zaidi. Soko lilifunguliwa, samaki wakaanza kurudi kidogokidogo, lakini kwenye mapumziko ya chai wanawake walikaa upande wa pili wa nguzo, na marehemu alikunywa chai yake akiwa amesimama mezani kwake, akijifanya ana kazi. Meza aliisugua kama zamani. Mdogo wake alipomwambia yaishe, yalishapita, maji yakimwagika hayazoleki, alijibu kwamba yeye hakumwaga ya kwake peke yake, alimwaga ya watu.

Rufaa ilifunguliwa na wakili mwingine, mwanamke kijana, binti wa muuza barafu mmoja wa palepale gatini, ambaye alikuja nyumbani kwa marehemu mara kadhaa mwaka 2015, akauliza maswali, akajibiwa kwa adabu na bila faida, kwa sababu marehemu alishaapa kutosema tena neno juu ya siku ile, na wenzake nao hawakutaka kuitaja kabla mkubwa wao hajaitaja. Siku moja wakili amekunja makaratasi yake, anaaga, mzee wetu, ambaye muda wote alikuwa amekaa kwenye kona yake na hakusikia hata nusu ya yaliyosemwa, aliinua mkono na kusema kwamba kwa kuwa leo ndani ya nyumba hii kuna mwanasheria, na yeye ana malalamiko yake, kwamba mke wake huyu aliwahi kuchukua dumu zima la mafuta yake ya taa ya kuoshea mashine, na brashi zake zote za waya, na mpaka leo hajarudisha, na je, sheria inasemaje. Wakili akacheka, akauliza ni lini. Mzee akasema siku moja kabla ya jaji kuja. Wakili akaacha kucheka. Akauliza taratibu alivichukua kwenda kufanyia nini, na mzee, aliyekuwa amelibeba hilo moyoni kwa miaka mitatu bila kupata mtu wa kumsikiliza, akaeleza yote, pamoja na hali ya brashi zake. Familia inapenda ijulikane kwamba huyu ndiye mtu aliyeiokoa kesi, na kwamba mpaka leo dumu lake hajarudishiwa.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko kusugua lami. Wakili alieleza kwamba kama wanawake walipasafisha wenyewe, basi uchafu ulikuwepo, na kazi ya kuusafisha nayo ni hasara, na mahakama ya rufaa ikiombwa vizuri inaweza, kwa nadra, kumsikiliza shahidi upya, lakini shahidi huyo awe mdai wa kwanza mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyesema pako safi. Marehemu alikataa. Alisema hawezi kusimama mbele ya watu na kumhesabia mgeni kazi aliyomfanyia, mama yake angegeuka kaburini, na kwamba afadhali aonekane mjinga kuliko kuonekana hana adabu. Alikataa mwezi wa kwanza, akakataa wa pili, mdogo wake akamlilia, watoto wakamsihi, naye akawatoa nje wote akapiga deki.

Kilichombadilisha kilitokea gatini, mchana kweupe. Mwanamke mmoja wa meza ya mwisho, ambaye tangu mafuta yaingie hakuwahi kusimama tena vizuri kimaisha, aliuza kisu chake cha kazi, akaja kumuaga, na alimuaga marehemu kwanza kuliko wote, kwa heshima zote, kama anavyoagwa mkubwa. Hakumlaumu. Marehemu aliporudi nyumbani alimwambia mdogo wake, na haya ndiyo maneno yake, "Huyu naye kanisafishia. Kaja kaniaga vizuri ili nisione uchafu." Kesho yake alimpigia wakili.

Alitoa ushahidi Jumatatu, tarehe 17 Oktoba 2016, mbele ya majaji watatu, na alipoambiwa anaweza kukaa alisimama. Akaanza kwa kuomba radhi. Akasema, "Waheshimiwa, nitakayosema si ustaarabu, na nyumbani nisingeyasema, lakini nimeambiwa hapa pasiposemwa kitu, kitu hicho hakikuwepo." Kisha akasema. Akasema palikuwa pachafu. Akaeleza ngazi zilikuwaje, mitaro ilikuwaje, nani alikwangua wapi, kucha za nani zilitoka, nani alitapika kwa harufu akarudi kusugua, na kila alipomtaja mmoja wao aliinamisha kichwa kidogo kama anayemwomba ruhusa, na wanawake wale, waliokuwa wamejaa nyuma ya chumba, walikuwa wakilia, si kwa huzuni tu, bali kwa kuwa hakuna aliyewahi kuitaja kazi ile kwa sauti. Wakili wa kampuni alimuuliza kwa nini alimwambia jaji pako safi, akasema, "Nilimwonea haya. Niliogopa atatuona wachafu, na wachafu mlikuwa nyinyi." Wakili akaketi.

Mahakama ya rufaa ilitoa uamuzi tarehe 5 Desemba 2018, ikasema kwamba anayeishi kwa samaki anaharibiwa samaki wakiharibiwa, awe na boti au asiwe nayo, na kwamba usafi ule ulikuwa sehemu ya madhara na si ushahidi wa kutokuwepo kwake, ikairudisha kesi chini ili hasara ya kila mwanamke isikilizwe, mmoja mmoja, akianza mdai wa kwanza. Siku hiyo kwenye mapumziko ya chai marehemu alisimama mezani kwake kama kawaida, na wenzake wakaja wakakaa upande wake wa nguzo, wakamkuta analia, wakajifanya wanazungumzia bei ya barafu. Mama Sindano alikaa nao, ingawa mbali kidogo.

Kusikilizwa kulianza kupangwa na kuahirishwa, mara jaji amehamishwa, mara kampuni imeomba muda, mara nchi nzima imefungwa kwa maradhi, na katikati ya kuahirishwa huko marehemu alianza kuvimba miguu. Alificha, akisema ni uchovu wa kusimama, akivaa soksi ndefu wageni wasione, mpaka Julai 2020 alipoanguka gatini na kupelekwa hospitali, ambako figo zake zilikutwa zimechoka sana. Kuanzia hapo alikuwa akienda kusafishwa damu, na aliwaambia wauguzi kwamba maisha yake yote amesafisha yeye, sasa amefurahi kuona na wengine wanajua kazi. Mama Sindano alianza kuja kukaa naye hospitalini bila kuitwa, akiwa na wavu wake na uzi wake, akishona palepale kando ya kitanda mpaka wauguzi wakalalamikia nyuzi sakafuni, na marehemu akawaambia wamwache, huyu si mgeni. Walichozungumza wawili wale hatukijui, na hatukuuliza. Marehemu aliaga dunia Alhamisi, tarehe 2 Novemba 2023, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, mumewe akiwa amemshika mkono.

Juzi wakili ametufahamisha kwamba kampuni imeandika kuiomba mahakama isimamishe kesi, kwa kuwa mdai wa kwanza hayupo tena. Familia inajibu hapa, kabla ya kujibu huko, kwamba Jumatatu tarehe 20 kesi itakapotajwa, atakayesimama mbele ni Mama Sindano, ambaye si mtu wa kusema mbele za watu, na ndiyo maana ametuomba tumsemee hilo tu, kwamba atakwenda, na atasema.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo kwa subira yao, majirani kwa maji, viti na kuni, mwenye duka la kona kwa kutuacha tuchukue kwanza, wakili wetu, wauza barafu kwa kazi ambayo hatutaitaja lakini mnaijua, na wafanyakazi wenzake wa gatini, ambao kuhusu wao tuna neno moja la kuomba radhi. Baadhi yenu mliotoka mbali mmeona wameingia na aproni, na viatu vya mpira, na magamba mikononi, na bila shaka mmesikia harufu, na huenda mmeona ni dharau. Ni agizo la marehemu. Wiki ya mwisho alimwita binti yake mkubwa, akamwambia wenzake wasiende nyumbani kuoga kwanza, wasibadilishe nguo, waje moja kwa moja kutoka kazini, watu wawaone walivyo. Tunamshukuru pia mwakilishi wa kampuni, ambaye amekuja kutoa pole, na pole yake tumeipokea, na ndiyo maana tumempa nafasi katikati yao.

Mama Magamba, dada mkubwa, shemeji, kazi umeiacha mikononi mwa wenyewe, na hakuna aliyenawa. Pumzika kwa amani.